Panya wa Kabete na Ng'ombe wa Bushubi: Historia ya Kutafuta Jeni za Ustahimilivu wa Nagana

Historia ya matumizi ya panya katika kuchunguza urithi wa sifa changamano husimuliwa mara nyingi kana kwamba yote yalitendeka Marekani na Ulaya, ilhali sura yake mojawapo iliandikwa Kabete, pembezoni mwa Nairobi, na kilichofanya iandikwe huko ni ugonjwa wa mifugo uliokuwa umefunga malisho ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, yakiwemo yale ya Ngara na Biharamulo katika mkoa wa Kagera. Sifa changamano ni sifa ya kiumbe isiyoamuliwa na jeni moja, bali na jeni nyingi ambazo kila moja huchangia kwa kiasi kidogo, huku lishe, umri na mazingira navyo vikiongeza au kupunguza mchango huo. Kimo cha mtu, wingi wa maziwa ya ng'ombe na shinikizo la damu ni sifa za namna hiyo, na uwezo wa mnyama kuishi na vimelea vinavyomuua mwenzake wa kundi moja ni sifa ya namna hiyo pia. Jeni yenyewe ni kipande cha DNA, molekuli ndefu iliyofungwa ndani ya kromosomu za kila seli, na kazi yake kubwa ni kubeba maelekezo ya kutengeneza protini zinazoujenga na kuuendesha mwili.

Tarafa ya Murusagamba iko kusini mwa wilaya ya Ngara, mpakani na Burundi, katika nchi iliyojulikana tangu zamani kwa jina la Bushubi. Kwa Wahangaza wa Bugufi, upande wa magharibi wa wilaya, milima imejaa watu na migomba, lakini kadiri mtu anavyoelekea mashariki na kusini ndivyo watu wanavyopungua na miombo inavyozidi, mpaka misitu inaungana na ile ya Biharamulo. Miombo hiyo ni makao ya mbung'o, inzi afyonzaye damu ambaye sehemu nyingi za bara huitwa pia ndorobo. Mbung'o hubeba tripanosoma, vimelea vya seli moja vinavyoogelea katika damu. Trypanosoma congolense na Trypanosoma vivax huwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, ambao humaliza damu mwilini, hukondesha, huharibu mimba na hatimaye huua, na baadhi ya aina za Trypanosoma brucei huwapa watu ugonjwa wa malale. Daktari wa jeshi la Uingereza David Bruce ndiye aliyeviona vimelea hivyo katika damu ya ng'ombe huko Zululand mwaka 1895 na kuonyesha kwamba huenezwa na mbung'o, ingawa uhusiano wa inzi na maradhi ya mifugo ulikuwa umefahamika kwa wachungaji wa Afrika kabla ya darubini kufika.

Mpaka kati ya malisho na msitu wa mbung'o haukuwa umesimama mahali pamoja siku zote. Kabla ya miaka ya 1890 falme na himaya za ukanda huu, yaani Karagwe, Bushubi na Rusubi iliyojulikana kwa wasafiri kama Usui, zilikuwa na watu, mashamba na ng'ombe wa kutosha kuusukuma msitu nyuma, kwa kuwa moto wa kila mwaka, jembe na midomo ya mifugo huzuia vichaka, na mbung'o hawezi kuishi pasipo kivuli na wanyamapori wa kumlisha. Kisha ikaja sotoka, homa ya virusi iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika maziwa makuu karibu na mwaka 1891, ikaua ng'ombe na wanyamapori wenye kwato kwa kiasi ambacho wachungaji walibaki bila kundi la kuanzia upya. Ndui, njaa na vita vya ukoloni vilifuatia, watu wakapungua, vichaka vikarudi, na wanyamapori walipoongezeka tena kuliko ng'ombe mbung'o alijitwalia ardhi ambayo kizazi kilichotangulia kilikuwa kikichunga.

Serikali za kikoloni ziliyatazama matokeo na kuyadhania kuwa hali ya asili. Wajerumani, wakiogopa malale yaliyokuwa yakiua maelfu ng'ambo ya mpaka wa Uganda, waliwaleta madaktari chini ya uongozi wa Robert Koch, na kambi ya wagonjwa ikafunguliwa Kigarama katika Kiziba mwaka 1907. Waingereza baada yao walichagua kuwahamisha watu: katika miaka ya 1920 na 1930 wakazi waliotawanyika katika miombo ya magharibi mwa Tanganyika, Biharamulo ikiwemo, walikusanywa katika makazi yaliyopangwa ili wawe wengi mahali pamoja na waweze kufyeka vichaka, na maeneo waliyoyaacha yakawa mapori. C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o kutoka Shinyanga, alichapisha mwaka 1936 kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki, akafariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na kazi ya idara yake iliendelea kuelekezwa kwa inzi na kichaka zaidi kuliko kwa mnyama anayeumwa.

Aliyeuliza swali la mnyama kwa uzito ni John Ford, ofisa wa mbung'o aliyefanya kazi kando ya mto Kagera na ambaye mwaka 1947, pamoja na R. de Z. Hall, alichapisha historia ya Karagwe katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu nafasi ya ugonjwa huu katika ikolojia ya Afrika, Ford alidai kwamba jamii za Kiafrika hazikuwa zimeshindwa na mbung'o kabla ya ukoloni, bali ziliishi naye katika mizani ambamo watu na mifugo waliokaa pembezoni mwa msitu waliumwa mara chache chache, kiasi cha kuujenga mwili bila kuumaliza, na kwamba hatua za kuwatenganisha watu na inzi ziliivunja mizani hiyo. Hoja hiyo haikupendwa na wengi wa wenzake katika idara za serikali, lakini ilikuwa na jambo ambalo sayansi ya maabara ingelifikia kwa njia nyingine, yaani kwamba kustahimili ni uwezo halisi wa mwili, wenye historia na unaotofautiana kati ya mnyama na mnyama.

Chanjo ilitarajiwa kwa muda mrefu, na sababu ya kushindikana kwake inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo iliyowageuza watafiti waelekee kwenye urithi. Tripanosoma hujifunika koti la protini ya aina moja, na mwili unapojifunza kulitambua koti hilo na kuanza kuviangamiza vimelea, wachache kati yao huwa wamekwisha kuvaa koti jingine, kwa kuwa katika DNA yao mna akiba ya maelekezo ya makoti inayozidi elfu moja katika jamii zilizochunguzwa vizuri. Kinga inayojengwa leo haina kazi wiki ijayo. Zilibaki dawa, ambazo wafugaji wa Kagera huzijua kwa majina ya madukani kama Berenil na Samorin, na ambazo zimetumika tangu miaka ya 1950 na 1960 mpaka vimelea vya sehemu nyingi vimezizoea.

Wakati huohuo ilifahamika kwamba Afrika Magharibi ina ng'ombe wanaochunga katikati ya mbung'o na kuzaa bila sindano. Maarufu kati yao ni N'Dama, ng'ombe wadogo wasio na nundu ambao asili yao ni nyanda za juu za Fouta Djallon nchini Guinea, wazao wa ng'ombe wa kale waliokuwa barani Afrika maelfu ya miaka kabla ya kuja kwa zebu wenye nundu kutoka Asia. N'Dama huambukizwa kama wengine, ila hushusha idadi ya vimelea katika damu yao na, muhimu zaidi, hawapungukiwi damu kwa kasi inayowaua wengine. Boran wa Kenya, mwenye nyama nyingi na nundu kubwa, hana uwezo huo. Swali likawa ni jeni zipi zinazowatofautisha, na ikiwa zinaweza kuhamishiwa kwa ng'ombe wa Mashariki bila kuwageuza kuwa N'Dama, ambao wafugaji wengi wa ukanda wa maziwa wasingewakubali badala ya Ankole wao wenye pembe ndefu.

Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Mifugo, iliyojulikana kwa kifupi cha ILRAD, iliundwa Nairobi mwaka 1973 kwa ajili ya magonjwa mawili tu, ndigana kali na nagana, na katika miaka ya 1980 ilileta viinitete vya N'Dama kutoka Gambia vikiwa vimegandishwa, vikapandikizwa katika matumbo ya majike wa Boran, wakazaliwa N'Dama halisi Kabete. Lakini ng'ombe jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, huhitaji ekari za malisho, na kizazi cha pili cha mchanganyiko hupatikana baada ya miaka mingi na kwa fedha nyingi. Hapo ndipo panya alipoingia katika historia ya nagana, kwa sababu hubeba mimba kwa wiki tatu, huweza kuzaa akiwa na umri wa miezi miwili, na huambukizwa Trypanosoma congolense ileile inayomuua ng'ombe.

Panya waliotumika walikuwa na historia yao. Hawa ni panya wadogo wa nyumbani, Mus musculus, ambao Abbie Lathrop wa Granby, Massachusetts, aliwafuga mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wapenda panya wa mapambo na baadaye akawauzia watafiti. Mwaka 1921 Clarence Cook Little alianza kuzalisha nasaba iliyokuja kuitwa C57BL kutokana na panya majike wa Lathrop, na mwaka huohuo Leonell Strong akaanza nasaba A. Mwaka 1929 Little akaanzisha Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine. Nasaba safi hupatikana kwa kupandisha kaka na dada vizazi 20 au zaidi, mpaka panya wote wa nasaba hiyo wanakuwa na DNA inayokaribia kuwa moja, kama mapacha wa kufanana. Faida yake ni kubwa: panya mia wa nasaba moja ni sawa na mnyama mmoja aliyepimwa mara mia, kwa hiyo tofauti yoyote kati ya nasaba mbili zilizotunzwa chumba kimoja kwa chakula kimoja haiwezi kuelezwa kirahisi ila kwa urithi.

Ivan Morrison, Max Murray na wenzao wa ILRAD walichapisha mwaka 1978 na 1979 matokeo ya kuziambukiza nasaba mbalimbali kwa Trypanosoma congolense, na tofauti waliyoiona haikuhitaji hesabu ngumu. Panya wa A/J, tawi la nasaba A, walikufa kwa wastani baada ya siku 16 hivi. Wa BALB/c, nasaba nyingine ya maabara, waliishi karibu siku 50. Wa C57BL/6, tawi la C57BL, waliishi takriban siku 110. Hakuna aliyepona, na jambo hilo lisisahauliwe wakati neno ukinzani linapotumiwa kuwahusu, lakini mnyama anayeishi mara saba zaidi ya mwenzake akiwa na vimelea vilevile ana kitu ndani yake kinachofaa kutafutwa. Walipowapandisha, vizazi vilivyofuata vya nasaba mbili havikugawanyika katika makundi mawili yaliyo wazi kama njegere za Mendel, bali vilienea katikati, na mtawanyo huo ulikuwa ishara kwamba jeni kadhaa zilihusika. Kwa zana za wakati ule hapakuwa na njia ya kuzifikia.

Zana zilikuja katika muongo uliofuata. Ramani za DNA ya panya zilijazwa alama, yaani vipande vifupi vinavyotofautiana kati ya nasaba na ambavyo mtafiti anaweza kuvisoma ili kujua kila sehemu ya kromosomu ya mjukuu imetoka kwa babu yupi. ILRAD iliunganishwa na kituo cha mifugo cha Addis Ababa katikati ya miaka ya 1990 kuunda ILRI, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, na humo Alan Teale, Stephen Kemp na Fuad Iraqi, wakishirikiana na Ariel Darvasi na Morris Soller wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, wakaandaa majaribio mawili makubwa. C57BL/6 walipandishwa na A/J katika jaribio la kwanza na BALB/c katika la pili. Watoto wao wakapandishwa wao kwa wao. Na wajukuu, wanaoitwa kizazi cha F2, wakaambukizwa mmoja mmoja na kuhesabiwa siku walizoishi. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature Genetics mwaka 1997: maeneo matatu ya kromosomu yalionekana kuamua sehemu kubwa ya muda wa kuishi, la kwanza katika kromosomu ya 17, la pili katika ya 5, la tatu katika ya 1, nayo yakapewa majina Tir1, Tir2 na Tir3.

Thamani ya matokeo hayo ilikuwa kwamba sifa iliyoonekana kuwa ukungu mtupu ilipewa anwani. Hata hivyo anwani hizo zilikuwa pana mno. Katika vizazi viwili tu kromosomu hukatika na kubadilishana vipande mara chache, hivyo mjukuu hurithi mapande marefu ya babu akiwa na mamia ya jeni ndani yake, na mtafiti anayejua kwamba jeni imo humo yuko katika hali ya mtu aliyeambiwa kwamba kisima kimo ndani ya kata nzima bila kutajiwa kitongoji. Darvasi na Soller walikuwa wamependekeza suluhisho mwaka 1995, nalo ni rahisi katika wazo ingawa ni gumu katika utekelezaji: badala ya kusimama kwenye kizazi cha pili, panya waendelee kupandishwa kizazi baada ya kizazi, ndugu wa karibu wakiepushwa, ili kila kizazi kiongeze mahali pa kukatika na mapande ya mababu yazidi kuwa mafupi. Kundi la namna hiyo likichunguzwa baada ya vizazi sita au kumi na viwili, kila jeni inakuwa imetengana na majirani zake wengi.

Nairobi ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo wazo hilo lilitekelezwa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Iraqi na wenzake walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa kizazi cha sita cha majaribio yote mawili, na Tir3 iliyoonekana kuwa kitu kimoja ikafunguka na kuwa tatu, Tir3a, Tir3b na Tir3c, zikiwa zimekaa karibu katika kromosomu moja. Mwaka 2010 J. K. Nganga, Soller na Iraqi walitoa matokeo ya kizazi cha kumi na mbili, ambapo panya wote walikuwa wamechaguliwa wawe na Tir1 ya upande dhaifu, kwa sababu Tir1 ilikuwa na nguvu kiasi cha kuzifunika nyingine, na walipoiondoa njiani Tir2 na Tir3 zikaonekana vizuri zaidi. Kazi ya aina hii hudai subira isiyosifiwa inavyostahili: mamia ya vizimba, kumbukumbu za kila uzao kwa miaka, chumba kisichoruhusu maradhi mengine kuingia, na wahudumu wa wanyama ambao majina yao hayachapishwi.

Kutoka eneo hadi jeni kulikuwa na mtego wake. Tir1 iko karibu na jeni ya TNF, protini inayochochea uvimbe na homa mwili unapopambana na vimelea, na ilidhaniwa kwa haki kwamba ndiyo yenyewe. Panya waliotengenezwa wakiwa hawana jeni hiyo waliambukizwa, na mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba walikufa mapema kuliko kawaida. Lakini kuonyesha kwamba protini inahitajika katika vita si kuonyesha kwamba ndiyo inayozitofautisha nasaba mbili ambazo zote zinayo. Mwaka 2007 kundi lililounganisha Manchester, Liverpool na Nairobi, kwa kutumia kompyuta kulinganisha orodha za jeni za maeneo na mabadiliko ya utendaji wa jeni katika ini, wengu na figo, lilitaja jeni ya Daxx kuwa mgombea mkuu wa Tir1. Mwaka 2010 uchambuzi mpana zaidi ukaielekeza shabaha kwa jeni nyingine katika eneo hilohilo, Pram1. Msomaji anaweza kuuona mfululizo huo kama kutangatanga. Kwa kweli ndivyo sifa changamano zinavyotendea kila anayezifuata, na watafiti wa nagana walichapisha kila hatua bila kuficha kwamba iliyotangulia haikutosha.

Tatizo jingine lilikuwa kwamba nasaba mbili au tatu haziwezi kuonyesha zaidi ya tofauti zilizomo ndani yake. Watafiti wa sifa changamano wa nchi mbalimbali walikuwa wamelizungumza jambo hili tangu mwaka 2002, na mwaka 2004 walichapisha katika Nature Genetics mpango ulioitwa Collaborative Cross, uzalishaji wa pamoja wa nasaba mpya mamia kadhaa kutokana na waanzilishi wanane. Watano kati yao walikuwa nasaba za maabara, A/J na C57BL/6 wa majaribio ya Nairobi wakiwemo, pamoja na NOD inayopata kisukari cha kukosa insulini na NZO inayonenepa kupita kiasi. Watatu walitokana na panya wa mwituni waliokamatwa Thailand, eneo la Czech na jimbo la Maryland, ili tanzu tatu kuu za Mus musculus ziwakilishwe. Wanane hao kwa pamoja walikadiriwa kubeba karibu asilimia 90 ya tofauti za urithi zilizojulikana miongoni mwa panya wa maabara. Kila nasaba mpya ingechanganya damu ya wote wanane kwa vizazi vitatu, kisha kaka na dada wangepandishwa mpaka mchanganyiko huo utulie na uweze kurudiwa milele, hivyo kwamba watafiti wa ugonjwa mmoja leo na wa mwingine baada ya miaka 20 wapime wanyama walewale.

Mpango ulianza mahali patatu duniani: Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, Australia Magharibi, na Nairobi. Tawi la Nairobi lilianzishwa ILRI chini ya Iraqi, kwa ufadhili wa Wellcome Trust ya Uingereza na kwa ushirikiano na Richard Mott wa Oxford, na halikuwa tawi la heshima tu. Lilikuwepo kwa sababu nagana ilikuwa imeijengea Kabete uzoefu wa kulea makundi makubwa ya panya waliochanganywa na kufuatiliwa kwa vizazi. Iraqi alipohamia Chuo Kikuu cha Tel Aviv panya hao walihamishwa pamoja naye, na tawi hilo limejulikana tangu wakati huo kwa jina la Tel Aviv, jambo linalofanya asili yake ya Kenya isahaulike katika maandishi mengi. Nasaba zake ndizo zilizotumika katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu kuvu wa Aspergillus fumigatus, ambao huua wagonjwa wenye kinga dhaifu, na humo ikathibitika kwamba hata nasaba ambazo hazijakamilika kutulia zinaweza kuonyesha maeneo ya jeni kwa ufinyu ambao kizazi cha F2 hakingeweza kuufikia.

Uzalishaji wenyewe ulikuwa na hasara ambayo waandaaji hawakuitarajia kwa ukubwa wake. Zaidi ya asilimia 90 ya nasaba zilizoanzishwa zilitoweka kabla ya kukamilika, na uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya kutoweka huko kulisababishwa na madume kutoweza kuzalisha, kwa kuwa jeni za tanzu tatu, zilizotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka, hazikupatana ndani ya mwili mmoja. Mifugo ya kienyeji ya Afrika imepitia mchanganyiko wa namna hiyo kati ya ng'ombe wasio na nundu na zebu, na kwa bahati njema haikukutana na ukuta huo.

Mkoani Kagera, miaka hiyo ambayo panya wa F2 walikuwa wakihesabiwa siku zao Kabete, nagana ilikuwa ikishughulikiwa kwa njia ya mkono na josho. Kuanzia mwaka 1991 ng'ombe wa mkoa waliogeshwa kwa deltametrini, dawa inayomuua mbung'o anapotua mwilini mwa mnyama, na vitambaa vilivyolowekwa dawa vikasimikwa malishoni. Visa vya nagana vilivyoripotiwa vikashuka kutoka zaidi ya 19,000 mwaka 1990 hadi chini ya 2,400 mwaka 1995, na vifo kutoka zaidi ya 4,000 hadi 29. Takwimu hizo ni za kuheshimiwa kuliko ugunduzi wowote wa jeni uliopatikana muongo huo, kwa upande wa mfugaji aliyekuwa na ng'ombe siku hiyo. Njia hiyo hata hivyo hudumu pale tu dawa inaponunuliwa na josho linapofanya kazi, na mbung'o hurudi kutoka mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, ambayo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato na ambamo wanyamapori wanaomlisha hawaogeshwi.

Utafiti wa panya ulirudi kwa ng'ombe kwa njia mbili. Kwanza, mbinu zenyewe zilihamishwa: Olivier Hanotte na wenzake wa ILRI walichapisha mwaka 2003 matokeo ya ng'ombe 177 wa kizazi cha F2 wa N'Dama na Boran, kazi iliyochukua zaidi ya muongo mmoja, na wakaona maeneo yenye athari katika kromosomu 18. Matokeo yaliyowashangaza wengi ni kwamba katika baadhi ya maeneo hayo aina bora ya jeni ilitoka kwa Boran, mnyama aliyehesabiwa kuwa dhaifu, maana yake mchanganyiko uliochaguliwa kwa uangalifu ungeweza kuwashinda N'Dama wenyewe. Mwaka huohuo ILRI ilionyesha, kwa kutumia mapacha waliochanganya seli za damu za N'Dama na za Boran tumboni, kwamba uwezo wa kuzuia upungufu wa damu na uwezo wa kushusha idadi ya vimelea ni vitu viwili tofauti. Mnyama anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Pili, lilikuja jibu kwa swali kama jeni za panya ni zilezile za ng'ombe. Mwaka 2011 Harry Noyes na wenzake walitaja jeni za ARHGAP15 na TICAM1 kuwa wagombea katika ng'ombe, nazo si zile zilizotajwa katika panya, ingawa TICAM1 hufanya kazi katika mfumo wa kutambua wavamizi na kuanzisha uvimbe, mfumo ambao uchunguzi wa panya pia ulikuwa umeuonyesha kidole.

Jambo hilo limewafanya baadhi ya wafugaji wa kisayansi kuuliza kama fedha za panya hazikupotea, na swali hilo lina haki ya kujibiwa. Panya hawakutoa jeni ya kuwapandikizia ng'ombe. Walichotoa ni uthibitisho kwamba ustahimilivu wa nagana unaweza kugawanywa katika sehemu zinazopimika, njia za kufinya maeneo mapana, na ufahamu kwamba kundi lenye mchanganyiko wa vizazi vingi hufichua mengi kuliko upandishaji wa mara moja. Somo hili la mwisho ndilo lililowaelekeza watafiti wa jeni kwa ng'ombe wa kienyeji wenyewe. Mwaka 2017 DNA yote ya Ankole, Boran, N'Dama, Kenana na Ogaden ilisomwa na kulinganishwa, na mwaka 2020 uchunguzi mwingine wa ng'ombe 172 wa Kiafrika, Hanotte akiwa miongoni mwa waandishi, ulikadiria kwamba wimbi kubwa la kuchanganyika kwa zebu na ng'ombe wa kale, lililowaumba ng'ombe wa Pembe ya Afrika wa leo, lilitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Kwa ng'ombe huo ni muda wa vizazi zaidi ya mia, mara nyingi zaidi ya vile kumi na viwili vya Nairobi, na uteuzi ulifanywa na wachungaji na maradhi kwa pamoja. Katika DNA hiyo waliona eneo moja lililotofautiana sana katika ng'ombe wa asili ya kale ya Afrika, linalodhaniwa kuhusika na ustahimilivu wa nagana, na ambalo limehifadhiwa pia katika ng'ombe chotara wanaochungwa katika nchi zenye mbung'o.